Habari za Moses Fleetwood Walker, Mdakaji wa Toledo

 

Leo nia yetu ni kuwasimulia habari za mtu mweusi wa Marekani, aliyepata mshahara wake kwa kucheza mpira zaidi ya miaka 130 iliyopita. Jina lake Moses Fleetwood Walker. Hatukumchagua kwa sababu ya wingi wa vikombe, maana hakuvipata vingi. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yatufundisha kupambanua kati ya milango ya namna mbili: mlango ambao mtu aweza kuufungua kwa bidii yake, na mlango ambao bidii haiufungui hata kidogo.

Kwanza yatupasa kueleza mchezo wenyewe. Sisi wa Mtwara tumezoea mpira wa miguu, na siku ya mchezo katika uwanja wa Nangwanda Sijaona haihitaji maelezo. Lakini mchezo wa Walker uliitwa besiboli. Huchezwa na timu mbili zenye watu tisa tisa. Mrushaji hutupa mpira mdogo mgumu, ukubwa wake kama chungwa. Mpigaji wa timu ya pili husimama na gongo la mti, hujaribu kuupiga. Akiupiga vema hukimbia kuzunguka vituo vinne. Akirudi salama pale alipoanzia, timu yake imepata alama moja. Nyuma ya mpigaji huchutama mtu mwingine, naye ndiye mdakaji. Kazi yake ni kuudaka kila mpira ambao mpigaji ameukosa.

Kazi hiyo ya mdakaji ndiyo iliyokuwa kazi ya Walker, na katika siku zake ilikuwa kazi ya mateso. Mrushaji alisimama futi 50 tu kutoka kwa mpigaji, akitupa kwa nguvu zake zote. Mdakaji wa leo ana glovu nene na mavazi ya kumkinga mwili; mdakaji wa wakati ule alidaka kwa mikono mitupu, au kwa glovu nyembamba ya ngozi isiyozuia maumivu. Vidole vilivunjika, kucha zikang'oka, viganja vikavimba. Mdakaji aliyecheza mwaka mzima pasipo kuumia hakuwapo. Kwa hiyo mdakaji na mrushaji hupatana kwa ishara za vidole, ili mdakaji ajue mapema mpira unakuja wa namna gani: wa moja kwa moja, au wa kupinda. Ishara hizo ndizo kinga yake. Tafadhali likumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

Walker alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1856 katika mji mdogo wa Mount Pleasant, jimbo la Ohio. Wakati ule utumwa ulikuwa bado halali katika majimbo ya kusini ya Marekani, lakini Ohio ilikuwa jimbo la watu huru, na wenyeji wengi wa Mount Pleasant walikuwa wakiwasaidia watumwa waliotoroka. Utumwa ulikomeshwa nchini humo mwaka 1865, Walker akiwa mtoto wa miaka tisa. Sisi wa pwani hii, ambao babu zetu waliona misafara ya watumwa ikiteremka hata Mikindani na Kilwa, twaweza kufahamu maana ya mwaka ule.

Baba yake alikuwa mganga wa hospitali na mhubiri, akapenda watoto wake wasome. Moses alikwenda chuo cha Oberlin, ambacho kilikuwa kimewapokea wanafunzi weusi tangu mwaka 1835, na huko ndiko sifa yake ya kudaka mpira ilikoanza. Mwaka 1881 alikuwa katika timu ya chuo. Baadaye alikwenda chuo kikuu cha Michigan kusoma sheria, akacheza na huko pia. Basi huyu hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Alikuwa msomi, mpole katika maneno, hodari katika kazi.

Hata hivyo, mwezi Agosti 1881 alipata kuonja yatakayomfuata. Alikwenda na timu moja ya Cleveland kucheza Louisville, mji wa Kentucky, jimbo lililokuwa na watumwa miaka 16 tu nyuma. Wachezaji wa Louisville walikataa kucheza naye. Watazamaji wengine walimtaka aingie, lakini baadhi ya wapinzani walisema wataondoka uwanjani. Walker akakaa nje, na timu yake ikacheza pasipo mdakaji wake.

Mwaka 1883 aliandikwa na klabu ya Toledo, katika Ohio. Sasa alikuwa mchezaji wa mshahara. Mwaka huo Toledo ilishika nafasi ya kwanza katika ligi yake, na Walker alikuwa mmoja wa watu walioifikisha hapo. Tarehe 10 Agosti 1883 ilikuja timu kubwa ya Chicago kucheza mchezo wa kirafiki. Kapteni wao, Cap Anson, alikuwa miongoni mwa wachezaji mashuhuri kuliko wote nchini. Anson alisema watu wake hawatacheza ikiwa mtu mweusi yumo uwanjani.

Siku ile Walker alikuwa ameumia mkono, na meneja wa Toledo, Charlie Morton, alikuwa amekwisha azimia kumpumzisha. Aliposikia maneno ya Anson, akageuza shauri. Akamtia Walker uwanjani, akamwambia Anson ya kuwa Chicago wakikataa kucheza, hawapati sehemu yao ya fedha za kiingilio. Anson akafikiri habari ya zile fedha, akacheza. Ndugu wasikilizaji, angalieni jambo hili vema. Anson yule ambaye hakuweza kabisa kusimama karibu na mtu mweusi, aliweza mara fedha zilipotajwa. Kumbe lile lililoitwa haliwezekani lilikuwa halipendezi tu, na meneja mmoja mwenye msimamo alitosha kulishinda siku ile.

Mwaka uliofuata, yaani 1884, klabu ya Toledo ilipandishwa katika ligi kubwa. Wazee wetu waukumbuka mwaka huo kwa jambo jingine, maana ndio mwaka Karl Peters alipozunguka Usagara na karatasi zake za mikataba. Tarehe 1 Mei 1884 Walker alicheza mchezo wake wa kwanza katika ligi kubwa, nao ulichezwa wapi? Louisville, mji ule ule uliomkataa miaka mitatu nyuma. Wachunguzi wa siku hizi wamegundua ya kuwa mtu mmoja, William Edward White, ambaye mama yake alikuwa mtumwa, alicheza mchezo mmoja wa ligi kubwa mwaka 1879. Lakini yeye alihesabiwa na watu kuwa mweupe. Walker hakujificha wala hakuweza kujificha. Alikuwa wa kwanza kucheza ligi kubwa akijulikana wazi kuwa ni mtu mweusi.

Katika mwaka ule alicheza michezo 42. Katika kila mara 100 alizosimama na gongo alifaulu kupiga vema mara 26 hivi, kiasi kilichopita wastani wa ligi yenyewe. Kwa mdakaji, ambaye mikono yake ilikuwa na majeraha kila wiki, hiyo ni hesabu nzuri. Ndugu yake mdogo, Weldy Walker, aliitwa naye, akacheza michezo mitano.

Sasa turudi kwa zile ishara za vidole. Mrushaji mkubwa wa Toledo alikuwa Tony Mullane, mtu mwenye nguvu nyingi. Miaka mingi baadaye, Mullane mwenyewe alikiri mbele ya mwandishi wa gazeti ya kuwa Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliopata kufanya nao kazi. Lakini alisema pia kwamba hakupenda mtu mweusi, na kwa hiyo kila Walker alipompa ishara, yeye alitupa mpira wowote aliotaka bila kuitazama. Fikirini maana yake. Mpira mgumu unakuja kwa nguvu zote, na yule anayeudaka kwa viganja vyake hajui kama utakuja moja kwa moja au utapinda. Naye aliyefanya hivyo hakuwa mpinzani. Alikuwa mwenzake wa timu moja, anayevaa nguo moja naye na kula mshahara wa klabu moja. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Na bado Walker aliidaka ile mipira. Huo ndio ushahidi mkubwa wa uhodari wake kuliko hesabu yoyote iliyoandikwa.

Mwezi Julai mpira ulimpiga mbavuni, akaumia sana. Mwezi Septemba ikaja barua kutoka Richmond, katika jimbo la Virginia, ambako timu ilikuwa iende kucheza. Barua ilimwonya meneja ya kuwa Walker akionekana uwanjani, watu 75 walikuwa wamekwisha apa kumshambulia. Walker hakwenda Richmond. Kabla ya safari hiyo klabu ilikuwa imemwachia kwa sababu ya maumivu yake. Hivyo ukaisha mwaka wake mmoja wa ligi kubwa.

Lakini kazi yake haikuisha. Alicheza katika ligi ndogo, Cleveland na Waterbury, na mwaka 1887 akaandikwa na klabu ya Newark. Huko alikutana na George Stovey, mrushaji mweusi, na hao wawili wakawa mrushaji na mdakaji wa timu moja, wakielewana kwa ishara kama inavyopasa. Stovey alishinda michezo zaidi ya 30 mwaka ule. Katika ligi hiyo walikuwamo wachezaji weusi wengine pia, na mmoja wao alikuwa Bud Fowler, ambaye alikuwa akilipwa kwa kucheza besiboli tangu mwaka 1878, hata kabla ya Walker.

Ikafika tarehe 14 Julai 1887. Siku hiyo Anson alikuja Newark na timu yake ya Chicago, akarudia maneno yake ya kale. Safari hii hakuwapo Charlie Morton wa kumjibu. Stovey na Walker hawakucheza. Na siku iyo hiyo, katika mji wa Buffalo, wakuu wa klabu za ligi ile walikuwa wamekaa mkutanoni. Wakapiga kura: tangu leo ligi isikubali mikataba mipya ya watu weusi. Kura sita zilikubali, nne zilikataa. Zile klabu sita hazikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Zile nne ndizo zilizokuwa nao. Maana yake, waliowafahamu watu hao kwa kazi zao walitaka kubaki nao, na wasiowafahamu ndio waliowafukuza.

Katika ligi kubwa mambo yalikuwa ya siri zaidi. Hapakuandikwa kanuni. Hapakutangazwa amri. Wenye klabu walipatana tu wao kwa wao, na kila aliyeulizwa alijibu kuwa hakuna sheria yoyote inayowazuia watu weusi. Alisema kweli, sheria haikuwapo. Mchezaji mweusi naye hakuwapo. Mlango wa namna hiyo ni mgumu kuuvunja kuliko mlango wenye kufuli, maana hujui ufunguo wake umeshikwa na nani.

Weldy, yule ndugu mdogo, hakunyamaza. Mwezi Machi 1888, baada ya ligi moja ya Ohio kusemekana imewazuia watu weusi, alimwandikia barua mkuu wake, nayo ikachapwa katika gazeti la michezo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika. Kama mtu atazuiwa kucheza, alisema, na azuiwe kwa sababu hana uwezo, au hana adabu, au hana akili ya mchezo. Lakini asizuiwe kwa rangi yake. Twaona hoja hii haijapata kujibiwa mpaka leo, kwa kuwa haina jibu.

Walker mwenyewe alihamia klabu ya Syracuse, ikashika nafasi ya kwanza mwaka 1888. Mwaka 1889 akaachwa. Baada yake, hapana mtu mweusi aliyecheza katika ligi ile kwa miaka 57.

Maisha yake ya baadaye yalikuwa na jua na mvua. Mwaka 1891 kundi la watu lilimshambulia njiani katika mji wa Syracuse. Akajitetea kwa kisu, mmoja wao akafa. Alishtakiwa kwa kuua. Wazee wa baraza waliomhukumu walikuwa weupe watupu, nao wakamwona hana hatia. Hatufichi pia ya kuwa mwaka 1898, alipokuwa akifanya kazi ya posta katika magari ya moshi, alihukumiwa kwa wizi wa fedha za barua, akafungwa mwaka mmoja. Alipotoka alisimamia jumba la maonyesho katika mji wa Cadiz, Ohio. Akili yake ya kuvumbua haikulala: alipata hati za uvumbuzi kwa namna ya kombora la mizinga, na baadaye, mwaka 1920, kwa vyombo vya kuonyeshea sinema.

Mwaka 1908 alichapisha kitabu. Ndani yake alisema ya kuwa mtu mweusi hatapata haki katika Marekani kamwe, na kwamba dawa pekee ni kurudi Afrika. Hayo aliyaandika mtu aliyesoma pamoja na weupe na kucheza pamoja nao. Twaweza kumkosoa, lakini twaelewa alikotoka. Mtu akigonga mlango miaka mingi, mwisho hujiambia kuwa nyumba ile si yake.

Walker alifariki tarehe 11 Mei 1924. Akazikwa Steubenville, Ohio, na kwa zaidi ya miaka 60 kaburi lake lilikuwa halina jiwe lenye jina lake.

Mlango wa ligi kubwa ulifunguliwa tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipocheza kwa klabu ya Dodgers ya Brooklyn. Ni mwaka ule ule ambao mpango wa karanga ulianza hapa Tanganyika, na watu wa Mtwara na Nachingwea wanaujua vema. Tangu Walker atoke ligi kubwa mpaka Robinson aingie, ni miaka 63. Wengine husema zamani zenyewe ndizo zilizobadilika. Sisi twaona sivyo. Miaka 63 ilipita pasipo kubadili neno. Kilichobadili neno ni mkuu mmoja wa klabu, Branch Rickey, aliyeamua kumwandika Robinson, na Robinson mwenyewe aliyekubali kutukanwa kila siku na bado akacheza.

Na Afrika je? Mwafrika wa kwanza kuzaliwa na kukulia barani humu hata akacheza katika ligi kubwa ni Gift Ngoepe wa Afrika ya Kusini, aliyeingia uwanjani kwa klabu ya Pittsburgh tarehe 26 Aprili 2017, baada ya kukaa katika ligi ndogo tangu alipoandikwa mwaka 2008. Na hapa Afrika ya Mashariki, jirani zetu wa Uganda wametangulia. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda nafasi ya kwenda Marekani katika mashindano makuu ya watoto ya besiboli. Serikali ya Marekani iliwanyima ruhusa ya kuingia, ikisema hati zao za umri hazilingani. Watoto walilia, na watu wengi waliwahurumia. Lakini mwaka uliofuata, 2012, timu ya Lugazi ilitengeneza hati zake, ikaruhusiwa, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano hayo. Mwaka 2015 timu ya Uganda iliishinda timu ya Jamhuri ya Dominika, nchi inayosifiwa mno kwa mchezo huu, alama 4 kwa 1. Na mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, waliandikwa na klabu ya Dodgers, ile ile iliyompokea Robinson, ambayo sasa makao yake ni Los Angeles.

Linganisheni sasa ile milango miwili. Watoto wa Kampala waliambiwa: hati zenu hazifai. Neno hilo ni chungu, lakini lina dawa. Waliokuja nyuma yao walitafuta hati zifaazo, wakapita. Walker aliambiwa: rangi yako haifai. Neno hilo halina dawa. Hakuna zoezi analoweza kulifanya mtu, wala elimu, wala adabu, wala ujasiri wa kudaka mpira pasipo ishara, hata rangi ya baba yake ibadilike. Hii ndiyo ile hoja ya Weldy Walker.

Wala tusidhani ya kuwa mlango wa namna hii uko Marekani tu. Katika kila mji, hapa Magomeni na kwingineko, huweza kutokea timu, au shule, au chama cha ushirika, ambamo mtu huachwa kwa sababu ni Mmakonde au Myao au Mmakua, kwa sababu ya dini yake, kwa sababu mzazi wake ni maskini, au kwa sababu hakuzaliwa mtaa huu. Hapana anayeandika kanuni. Watu hupatana tu barazani, na ukiwauliza watasema hawakumzuia mtu. Dau la mnyonge haliendi joshi, na mara nyingi ni kwa sababu wenye madau makubwa wamelizibia upepo.

Basi, ninyi mnaochagua wachezaji, jiulizeni swali moja kabla ya kumwacha mtu: je, sababu tunayomwachia aweza kuirekebisha? Akiwa hajui kupiga mpira, mfundisheni. Akichelewa mazoezini, mwonyeni. Lakini ikiwa sababu yenyewe ni kitu alichozaliwa nacho, mjue mmesimama upande wa wale sita wa Buffalo. Na ninyi vijana mtakaokuwa katika timu pamoja na mtu msiyempenda, itazameni ishara yake.

Mabibi na Mabwana, mazungumzo yetu ya leo yameishia hapa. Kwaherini.